Zimwi Halijawahi Kubebwa Mgongoni

Nilipiga kelele darasani, mimi mtu mzima mwenye pete kidoleni. Mwalimu wetu wa somo la filamu alikuwa amezima taa tutazame picha ya zamani kutoka nchi moja ya mbali huko Asia, halafu tujadili kwa nini kila jamii duniani hujitungia mazimwi. Umeme wenyewe ulikuwa umekatika tangu asubuhi, jenereta inanguruma dirishani na harufu ya petroli inaingia ndani taratibu. Kabla kiti changu hakijapata joto, akatokea ukutani mwanamume mwembamba anatoka mtoni, matope yamemkaukia shingoni, anaelekea kijijini kwa hatua za mtu aliyesahau magoti hukunjwaje. Nikaruka. "Ni lile zimwi!" Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akasimamisha picha, akaniuliza kwa upole zimwi gani, maana katika filamu hiyo hakuna zimwi hata mtu angelitafuta kwa tochi.

Nikakaa chini. Hakuna zimwi? Mimi niliyekuwa nimelala na macho wazi kwa ajili yake? Nilitaka kubishana naye, na kwa kawaida mimi kubisha siombwi. Lakini harufu ile ya petroli ilikuwa imekwisha kunichukua na kunirudisha Juba, mtaa wa New Site, kwenye kibanda cha vidio cha Kizza.

Tulirudi Juba miaka ile ya bendera mpya. Nasema tulirudi kwa sababu ndivyo mama alivyosema. Mimi niliondoka nikiwa mchanga, na kwangu mimi nyumbani palikuwa Kenya, nilikojifunza kusoma, kuruka kamba na kutukana. Tulikuwa watatu: mama, mimi, na kaka yangu Samweli aliyenizidi miaka saba au minane. Baba sikumjua. Mama alipata kazi ya kupima mizigo uwanja wa ndege, akajenga chumba cha mabati kwenye kiwanja kilichojaa mawe, akasimama mlangoni mikono kiunoni akasema, "Sasa tuko kwetu, hatufukuzwi tena." Mimi nikatazama huku na huku nikitafuta hicho kilichokuwa chetu. Watoto wa jirani waliongea Kiarabu cha Juba, wazee waliongea lugha zao, na mimi nikifungua mdomo kinatoka Kiswahili cha Eldoret, wanacheka. Waliniita Nairobi, ingawa Nairobi nilikuwa nimepita tu ndani ya basi.

Mahali pekee nilipojisikia mtu ni kwa Kizza. Huyu alikuwa Mganda, mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake, na kazi yake ilikuwa uvijei. Kama hukukulia pande hizo nikueleze: vijei haonyeshi filamu tu, anaisema. Anakaa kando ya televisheni na kipaza sauti mkononi, anashusha sauti ya filamu, kisha kila mdomo unaofunguka pale kwenye kioo, sauti inayotoka ni yake. Mwanamke yeye, mtoto yeye, mbwa yeye, hata mlango ukilia ni yeye. Ndani kulikuwa na joto la mabati, harufu ya turubai bichi, bisi na soksi za watu wazima, na ukikaa humo saa moja unatoka umeloa lakini umesafiri.

Samweli alikuwa akienda kumsaidia kuwasha jenereta, na kazi yake kubwa ilikuwa kumcheka. "Kizza, buda, Kiswahili chako kimevunjika miguu yote miwili," alimwambia. "Mimi iko, mimi iko! Unaiko nini?"

"Wewe kijana, mimi iko nakula na hii Kiswahili," Kizza alimjibu. "Yako ya shule iko nakulisha nani?"

Watu walivunjika mbavu. Samweli alijua kumwigiza mpaka mabega, na Kizza hakukasirika. Alimrushia ganda la njugu na maisha yakaendelea.

Filamu ile ya mtu wa mtoni ilikuja siku moja mchana. Ilizungumza lugha ambayo hapakuwa na hata mmoja wetu aliyeijua, Kizza mwenyewe akiwemo, ila hilo halikumzuia. Mtu yule alipotoka majini Kizza alishusha sauti mpaka tukasogeleana kwenye mabenchi. "Nyinyi watoto, kaa kimia. Hii si mutu. Hii iko zimwi. Imekula mutu huko ndani ya maji, sasa imevaa ngozi yake. Ona vile inatembea! Ngozi haijamukaa vizuri."

Ikawa kweli. Tuliona kabisa kwamba ngozi haijamkaa vizuri. Zimwi likaingia kijijini, watu wakalikimbia, wakalitupia mawe, likafika kwenye nyumba ya bibi mmoja mzee. Bibi akafungua mlango, akalitazama sana, akalisemesha. Hapo Kizza akasimamisha picha, jambo ambalo alilifanya tu pale alipotaka tusilale usiku. Akatuambia bibi huyo ana akili. Anajua zimwi linaweza kuiba sura, sauti na nguo, lakini halikuzaliwa, halikunyonya, halijawahi kubebwa na mtu. Kwa hiyo bibi ameuliza, "Nani alikubeba mgongoni?"

"Zimwi iko natafuta jibu," alisema Kizza. "Haina. Sasa nyinyi, mimi nauliza nyinyi! Nani alikubeba mugongoni?"

Wee! Kibanda kililipuka. Kila mtu alipiga kelele jina la aliyembeba kana kwamba asiyesema ataliwa pale pale. Mama! Shangazi! Dada Poni! Kwenye benchi la mbele alikaa askari mmoja kijana ambaye hakukosa kuja siku zake za mapumziko, mwenye pengo la meno mawili mbele na tabia ya kulia wazi wazi filamu ikiwa ya huzuni. Yeye naye aliinua mikono yote miwili. "Haboba! Haboba tai!" Bibi yangu. Tulimcheka, naye akacheka na pengo lake. Mimi nilipiga kelele "Mama!" bila kufikiri. Samweli alikuwa nje na jenereta yake, hakuulizwa.

Tangu siku hiyo nilijua kitu ambacho watoto wengine wa mtaani walikuwa wanakijua pia: mazimwi yapo, yamevaa watu, na kuna swali la kuyakamata. Tuliulizana kisimani. Tuliwauliza wauza chai. Mhubiri mmoja tulimuuliza akatufukuza na fimbo, tukaondoka na mashaka makubwa juu yake.

Halafu vita vikaja. Sitaeleza nani alianza, wala sitataja kabila la mtu. Wanaojua wanajua, na asiyejua hatajulia kwangu. Mimi najua tu kwamba milio ilianza upande wa kambi za jeshi, mama akatulaza sakafuni chini ya godoro, na tulipoinuka mtaa ulikuwa umebadilika sura. Milango ya watu tuliosalimiana nao ilikuwa wazi na wenyewe hawamo. Watu wazima walinong'ona. Nilisikia wakisema, "Wanawatafuta. Wanaingia nyumba kwa nyumba, wanawauliza. Wakishindwa kujibu wanawachukua."

Jamani, mtoto wa miaka kumi aelewe nini hapo? Nilielewa vizuri sana. Zimwi limeingia Juba, jeshi linalitafuta kwa njia ya yule bibi wa filamu. Sikuogopa hata. Niliona serikali yetu mpya ina akili.

Maji yalipotuishia mama akaamua twende Kator, kanisani, ambako watu walikuwa wakijihifadhi uani. Kizza akaja kutuchukua asubuhi jua likiwa limeshatoka. Waganda wenzake walikuwa wanapanga mabasi ya kurudi kwao, na Waganda, alisema, hawasumbuliwi sana njiani, afadhali tutembee naye. Alikuwa amevaa shati jeupe la harusi ili aonekane hana ubaya. Tukatembea wanne, mama na mimi mbele, Kizza na Samweli nyuma. Barabara ilikuwa na viatu vingi sana visivyo na watu.

Kwenye kontena moja la bluu kulikuwa na kizuizi na foleni. Mbele yetu alisimama mwanamume tuliyezoea kumwona akiuza mkaa. Askari akamsemesha maneno mafupi kwa lugha moja ya nchi hiyo, kama salamu. Yule wa mkaa akajibu kwa Kiarabu. Askari akarudia ile salamu. Yule wa mkaa akanyamaza, akatazama viatu vyake, na wawili wakamshika mikono wakampeleka nyuma ya kontena. Mimi nilinyoosha shingo. Nilitaka kuona ngozi ikipasuka na zimwi likitoka. Mama akanibana uso kwenye tumbo lake, nikasikia mlio mmoja, na moyo wa mama unapiga sikioni mwangu.

Zamu yetu. Mama aliulizwa, akajibu haraka, akaongeza na maneno mengine ya heshima. Lugha hiyo aliijua kutokana na soko la utotoni mwake. Mimi nilipapaswa kichwa tu. Kisha askari akamgeukia Samweli, akatoa ile salamu.

Samweli hakujibu.

Akarudia. Kaka yangu, mtu wa maneno, aliyekuwa na jibu la kila kitu, alisimama mdomo umefunguka nusu, hakuna kinachotoka. Nilimtazama usoni nikaona, Mungu wangu, kwamba ngozi haijamkaa vizuri. Mama akafungua mdomo kusema. Nakumbuka midomo yake ilivyoachana. Lakini sauti iliyotoka ilikuwa ya Kizza.

"Afande! Huyu iko ya kwangu. Huyu iko mutu ya Uganda, iko nawasha jenereta ya vidio. Lugha yenu hapana jua, Arabi hapana jua. Iko mujinga tu." Akamchapa Samweli kofi la kisogoni. "Semesha afande, wewe!"

Mama akafunga mdomo. Aliangalia pembeni kama mtu asiyemjua kijana huyu.

Na Samweli akasema. "Mimi iko... mimi iko natoka Arua, afande. Mimi iko kijana ya Kizza." Mabega yake yalishuka, shingo ikaingia ndani, hata macho yalibadilika. Haikuwa sauti yake. Haikuwa ile ya kuigiza pia, kwa sababu hakuna aliyecheka.

Askari mwingine akatoka nyuma ya kontena akijifuta mikono kwenye suruali. Pengo la meno mawili. Alikuwa yule wa benchi la mbele, mjukuu wa haboba. Alimtazama Kizza, akamtazama Samweli muda mrefu, na mimi nataka mniamini, alimjua. Alikuwa amemwona mara nyingi akichekesha watu na Kiswahili chake cha Kenya. Akageuka akamwambia mwenzake, "Kalas, basi. Huyo wa vidio." Kisha kwetu, bila kututazama, "Rua." Nendeni.

Tulitembea mpaka kontena likapotea nyuma yetu. Hapo mama akakaa kwenye jiwe, akasema, "Zimwi likujualo halikuli likakwisha."

Leo najua alimsema nani. Siku hiyo nilijua vingine. Nilijiuliza ni zimwi gani linalotujua sisi, linalokula nasi, linalolala chumba kimoja nasi, na jibu lilikuwa limesimama hapo kando ya jiwe linamfuta mama machozi. Kaka yangu aliulizwa akashindwa. Kaka yangu alibadilisha sauti mbele ya macho yangu, na mama aliona, na mama ameamua kulificha kwa sababu limeahidi kutotumaliza.

Tulikaa uani kwa kanisa siku nyingi, tumebanana na maelfu ya watu, kukinuka moshi na maziwa ya watoto yaliyoganda. Mimi nililala upande wa pili wa mama, mbali na Samweli. Uji akiukoroga yeye nilisema nimeshiba. Alipojaribu kunichekesha kwa kumwigiza Kizza, mabega na yote, nilipiga yowe mpaka watu wakageuka, na sikumwona tena akiigiza mtu. Nilichunguza mishono ya ngozi yake nyuma ya masikio akiwa amelala. Nilimpenda, hapo ndipo penye balaa. Nililia kwa ajili ya Samweli wa kweli, aliyeliwa sijui wapi, na huku nikiogopa huyu aliyevaa mikono yake atanisikia. Kizza alikuja kutuaga akapanda basi lake, na sijawahi kumwona tena.

Taa za darasa zilipozimwa mara ya pili niliitazama filamu ile mpaka mwisho, mara hii na maandishi chini yake. Mtu wa mtoni alikuwa kijana aliyechukuliwa vitani kwa nguvu na kutoroka. Anarudi kwao kwa miguu, mgonjwa, na kwa kuwa amebadilika hakuna anayemtambua. Bibi mzee anafungua mlango, anamtazama sana. Niliyasoma maandishi mara mbili kwa sababu macho yalikuwa yamejaa maji. Bibi alikuwa amemuuliza, "Umekula?"

Mwalimu aliwasha taa akasema mengi mazuri. Alisema wataalamu wanaona kwamba zimwi halizaliwi, linatungwa. Kwamba jamii hulipa sura ya kile inachokiogopa, kisha huliweka mpakani lilinde mpaka. Niliandika yote. Lakini nimuulize nani kuhusu Kizza? Mdomo ule ule uliomgeuza kijana mgonjwa kuwa zimwi ndio ulioligeuza zimwi kuwa kijana wa jenereta. Na yule wa pengo, aliyebebwa na haboba wake na akalia mbele yetu kwa ajili ya watu wa kwenye kioo, alikuwa anajifuta nini mikononi? Nimesoma vitabu, nimepata na shahada, na bado mambo haya mawili hayanikai kichwani pamoja. Naliinua moja, jingine linaanguka.

Kilichonitoa kwenye hofu si shahada. Kilitokea uwanja wa ndege, siku mama alipotupatia nafasi ya kwenda Nairobi kwa msaada wa wenzake wa mizigo. Watu walikuwa wamefurika mpaka nje, masanduku juu ya masanduku, jua linachoma utosi. Mama aliitwa dirishani, akaniacha na Samweli juu ya begi. Ilikuwa mara ya kwanza sisi kubaki wawili tangu kontena. Akanipa biskuti. Nikaitazama tu.

"Siste," akasema, "nimekukosea nini? Mbona unaniogopa hivyo?"

Nilikuwa nimebana neno hilo muda mrefu mno. Nilisimama kwanza, nikahakikisha mama namwona, ili likinirukia nikimbie. Kisha nikauliza, "Nani alikubeba mgongoni?"

Alijua linatoka wapi. Mtaa mzima ulilijua swali hilo. Nilingoja acheke, au aseme "mama" kama kila mtu, hata kwa uongo, hata uongo ningeupokea. Yeye akafikiri.

"Sijui," akasema.

Akaitazama biskuti mkononi. "Mama alinikuta njiani mkikimbilia Kenya. Nilikuwa mdogo kuliko wewe sasa, peke yangu, siongei. Lugha niliyokuwa nayo ilipotelea huko huko, hata mama hajui mimi ni wa watu gani. Yule askari, kama angeniambia yeye hilo, manze, ningemshukuru." Akajaribu kutabasamu, ikamshinda. "Mama alikuwa na gunia kichwani na wewe mgongoni, amechoka, anayumba. Akakufungua, akakufunga mgongoni kwangu. Tulitembea hivyo mpaka mpakani. Ulikuwa unanikojolea. Aliyenibeba mimi simjui. Niliyembeba namjua."

Kwa sheria ya Kizza alikuwa ameshindwa tena, na mara hii hapakuwa na wa kumsemea. Mlango ukafunguliwa, umati ukasukumana, mama akapunga mkono kule mbele akituita kwa kelele. Samweli akachuchumaa, akanigeuzia mgongo, kama alivyofanya bila shaka siku ile nisiyoikumbuka. Nilikuwa mkubwa mno wa kubebwa, miguu yangu ilining'inia karibu na magoti yake, na watu walitulaani kwa kuziba njia. Nikapanda. Shingo yake bado ilinuka petroli ya jenereta. Nikala ile biskuti juu ya bega lake, makombo yanamwingia kwenye kola, mpaka ndani ya ndege.